Nani Anamfadhili Nani? Gharama za Utafiti Ambazo Vyuo Vyetu Havizihesabu

Wahasibu na maofisa ugavi mliokaa viti vya nyuma, mhadhara huu ni wenu kuliko wa mtu mwingine yeyote humu ndani.

Nimeombwa nizungumzie usimamizi wa fedha za utafiti. Nina hoja moja, na nitaisema mapema ili anayetaka kunipinga apate muda wa kujiandaa. Tumezoea kusema kwamba wafadhili wa nje ndio wanaobeba utafiti wa vyuo vyetu. Ukifungua vitabu vya hesabu, na hasa ukitafuta yale ambayo hayakuandikwa humo, utaona kwamba sehemu ya mzigo huo inakwenda kinyume. Chuo cha umma cha nchi maskini kinamtolea ruzuku mfadhili wa nchi tajiri, mwaka baada ya mwaka, bila mkataba wala shukrani. Kinafanya hivyo kwa sababu hakijui utafiti wake unagharimu kiasi gani.

Chukueni mradi wa kawaida kabisa. Mtafiti mkuu ameandika andiko la miaka 3 kuhusu mbu wanaohimili viuatilifu. Limepita, barua ya ruzuku imefika, idara imepiga picha ya pamoja. Bajeti ina mishahara ya wasaidizi, posho za uwandani, mafuta ya gari, vitendanishi, nauli za ndege na ada ya kuchapisha makala. Hayo mfadhili anayalipa senti kwa senti. Sasa tazameni yasiyomo. Sampuli zinahifadhiwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na friza hiyo hailali. Umeme ukikatika usiku wa manane, jenereta inawaka kwa dizeli ya chuo. Kamati ya maadili imekaa kulisoma andiko. Mwanasheria wa chuo amepitia mkataba ulioandikwa kwa sheria za nchi nyingine. Ofisa ugavi ameingiza mahitaji kwenye NeST, mfumo ambao tangu Oktoba 2023 ununuzi wa umma Tanzania unapaswa kupitia humo. Mhasibu ameandaa hati za malipo, amewakimbiza wadaiwa wa masurufu, ameandika ripoti kwa mtindo wa Serikali kisha akaiandika upya kwa mtindo wa mfadhili. Mlinzi amelala mlangoni. Samahani, amekesha mlangoni.

Nani kayalipia hayo? Kwa sehemu kubwa ni fedha ambayo Serikali imeitoa ili tufundishe, pamoja na ada. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Sheria, anayesikiliza mhadhara akiwa amesimama dirishani kwa kukosa kiti, amechangia dizeli ya friza ya mbu. Yeye hajui, nasi hatujamwambia, maana hata sisi hatuna hesabu ya kumwonyesha.

Wenzetu walioanza mapema waligombana juu ya jambo hili kwa miongo kadhaa, na ugomvi wao unafundisha. Marekani, baada ya Vita Kuu ya Pili, jeshi la majini ndilo lililokuwa mfadhili mkubwa wa utafiti wa vyuo, na tangu mwaka 1947 lilikubali kwamba mbali na gharama za mradi wenyewe, chuo kilipwe pia sehemu ya majengo, umeme, maktaba na utawala. Upande wa afya ulikuwa mgumu zaidi wa mkono. Mwaka 1950 kiwango cha malipo hayo ya taasisi kilikuwa asilimia 8. Mwaka 1958 kikafikia 15, mwaka 1963 kikawa 20, na mwaka 1966 ukomo ukaondolewa: kila chuo kikafanya hesabu yake, kikakaa mezani na Serikali, wakakubaliana kiwango. Ndiyo maana leo Harvard ina asilimia 69 na Yale asilimia 67.5. Maana yake ni kwamba katika kila dola 100 za gharama za mradi zinazoingia kwenye hesabu hiyo, Harvard inaweza kudai 69 nyingine za taasisi.

Sasa, chuo cha nje ya Marekani kinachopata ruzuku ya Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo, NIH, kinalipwa ngapi? Asilimia 8, ukiondoa gharama za vifaa. Hakuna kukaa mezani, na hakuna kuleta hesabu zako. Fedha hiyo haikukusudiwa hata kulipia umeme wala jengo. Maelezo ya NIH yenyewe yanasema ni ya kusaidia gharama ya kutimiza masharti ya Serikali ya Marekani. Kwa maneno mengine, wanatulipa ili tuweze kujaza fomu zao. Friza, jenereta na mlinzi ni juu yetu. Sisi bado tuko mwaka 1950.

Mambo yananoga zaidi pale ruzuku inapotufikia kupitia chuo cha Marekani, na miradi yetu mingi ndivyo inavyokuja. Chuo kile kiliruhusiwa kutoza kiwango chake juu ya dola 25,000 za mwanzo za fedha kinayotupitishia. Oktoba 2024 kanuni ilipandisha kiasi hicho kuwa dola 50,000. Tufanye hesabu pamoja. Kipande chetu kina gharama za mradi za dola 100,000, na chuo kinachotupitishia kina kiwango cha asilimia 60. Kwa kanuni ya zamani kinapata dola 15,000 kwa kazi ya kuandika mkataba, kupokea ripoti zetu na kututumia fedha. Sisi tunaofanya utafiti wenyewe, wenye maabara, magari, wagonjwa na mbu, tunapata 8,000. Kwa kanuni mpya kile kinapata 30,000, sisi tunabaki na 8,000 zetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, sawa. Ila mgeni huyu anakula kwetu, unga ni wetu, na aliyemwonyesha njia ndiye anayepona.

Ijumaa ya tarehe 7 Februari 2025 NIH ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu vyuo vyote vya Marekani vitalipwa asilimia 15 tu. Mlisikia kelele zake. Majimbo 22 yalikwenda mahakamani, na Jumatatu hiyohiyo jaji akasimamisha amri. Marais wa vyuo walieleza kwa takwimu na kwa machozi kwamba asilimia 15 itafunga maabara na kuwanyima wagonjwa dawa za kesho. Mimi niliwaamini, na bado nawaamini. Hesabu zao ziko wazi. Ila nilijiuliza: kama asilimia 15 inaua maabara ya Boston, yenye umeme usiokatika na wahisani waliokufa wakaiachia majengo, asilimia 8 imekuwa ikifanya nini kwa maabara ya Morogoro na ya Mbarara kwa miaka yote hii? Hakuna gavana aliyekwenda mahakamani kwa ajili yetu. Nasi wenyewe hatukwenda popote, kwa sababu hatukuwa na karatasi ya kwenda nayo.

Nisieleweke kwamba kiwango kikubwa ni dawa ya kila kitu. Chuo kikuu cha Stanford kilikuwa na kiwango cha asilimia 74 mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndipo mkaguzi wa jeshi la majini alipoanza kuuliza maswali. Ikaonekana kwamba katika vitabu vya gharama za utafiti mlikuwa na uchakavu wa jahazi la starehe la futi 72 na maua ya nyumba ya rais wa chuo. Machi 1991 kamati ya Bunge chini ya John Dingell ikamweka kiti moto rais wa chuo, Donald Kennedy, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa ametangaza kujiuzulu. Kiwango kilishushwa hadi 55.5, na Serikali ikaweka ukomo wa asilimia 26 kwa upande wa utawala, ukomo ambao umeendelea kuvibana vyuo vya Marekani tangu hapo. Mwaka 1994 wakamalizana kwa chuo kulipa dola milioni 1.2, na Serikali ikasema haikuona udanganyifu, maana mengi ya mambo yale kanuni za wakati huo ziliyaacha yapite. Ninachokipenda katika kisa hiki, mbali na jahazi, ni kwamba aibu ile iliwezekana kwa sababu hesabu zilikuwapo. Palikuwa na daftari la kufungua.

Kwetu daftari halipo, na hapo lawama inawageukia wasomi. Profesa akisikia chuo kinachukua asilimia 10 au 15 ya mradi, anaita makato, na ananuna kama aliyeibiwa. Nimesikia watafiti wakijisifu kwamba waliandika bajeti kwa ustadi hata chuo kisipate kitu. Wengine hupeleka mradi kwenye asasi ndogo waliyoisajili wenyewe mtaani, huku wanatumia maabara ya chuo, wanafunzi wa chuo na jina la chuo. Nakiri wana sababu. Wameona makato yakiingia kwenye mfuko mkuu na kutorudi tena. Friza ikiharibika, wanaambiwa waandike barua. Chuo kinachotaka fedha ya taasisi lazima kionyeshe imekwenda wapi, kwa shilingi, kwa idara, kila mwaka. La sivyo profesa ataendelea kuificha, na mimi sitakuwa na uso wa kumlaumu.

Kuna ruzuku nyingine tunayotoa bila kuiona, nayo ni ya muda. Mikataba mingi ni ya kurudishiwa: tumia kwanza, tuma madai kila robo mwaka, subiri. Robo inakwisha, mhasibu anahitaji wiki kadhaa kukusanya stakabadhi, mfadhili ana siku 30 za kupitia, anauliza swali kuhusu tiketi moja, siku zinaanza upya. Muda wote huo wasaidizi wa utafiti wamelipwa na chuo. Mimi nauita huo mkopo usio na riba, na mkopaji ni tajiri kuliko mkopeshaji. Wengi waliuelewa mwanzoni mwa 2025. Amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani ilitoka tarehe 20 Januari; siku chache baadaye barua za kusimamisha kazi zikaanza kufika, na kazi iliyokwisha kufanyika nayo ikabaki ikidai. Muungano wa watafiti wa Kiafrika waliokuwa wakitafuta chanjo ya VVU, ukiongozwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini kwa fedha za USAID zipatazo dola milioni 45, ulisimama ukiwa mlangoni pa majaribio. Mei mwaka huohuo NIH nayo ikasema haitatoa tena vipande vipya vya ruzuku kwa taasisi za nje kwa utaratibu wa zamani hadi utaratibu mpya uwepo. Kiongozi wa mradi alipata barua pepe. Chuo kilibaki na mikataba ya ajira.

Ongezeni thamani ya fedha. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa inabadilishwa kwa takriban shilingi 160 za Kenya. Kufikia katikati ya Aprili ilikuwa karibu 130. Waziri wa Fedha alifurahi, na alikuwa na haki. Mtafiti wa Nairobi au Kilifi mwenye bajeti ya dola na mishahara ya shilingi alipoteza karibu moja ya tano ya mradi wake katika miezi mitatu, bila kununua kitu. Mfadhili hakumwongezea. Na ingekuwa kinyume, dola ikapanda, mkataba ungemtaka arudishe ziada au aombe ruhusa ya kuitumia.

Halafu kalenda. Mwaka wa fedha wa Tanzania, Kenya na Uganda unaanza Julai. Wa Serikali ya Marekani unaanza Oktoba, wa Uingereza Aprili, wa Sweden Januari. Mhasibu wa kitengo cha miradi anaishi katika miaka minne kwa wakati mmoja, na kila mmoja una mwisho wake wa kufunga vitabu. Tunamlipa kwa mmoja.

Naomba nikae kidogo kwenye stakabadhi, kwa maana ndipo urafiki wa mtafiti na mhasibu huvunjikia. Mashine za risiti za kielektroniki, EFD, ziliingia Tanzania mwaka 2010, na mkaguzi siku hizi hataki risiti ya kuandikwa kwa kalamu. Sawa, kwa hoteli ya Dodoma. Lakini mtafiti wa mikoko amekwenda delta ya Rufiji, amepanda mtumbwi siku nzima, amelala kwa mjumbe, amempa mama wa nyumba fedha ya samaki na wali. Mwenye mtumbwi hana mashine. Mtafiti anarudi na karatasi yenye alama ya dole gumba, mhasibu anaikataa, masurufu hayarejeshwi, mshahara wa mtafiti unakatwa. Mwakani mtafiti huyo atafanya nini? Atakwenda duka lolote lenye mashine akanunue risiti ya kitu ambacho hakukinunua. Hivyo kanuni iliyowekwa kuzuia udanganyifu imemfundisha mtu mwaminifu kudanganya, na mkaguzi ataondoka ameridhika kwa sababu karatasi ni nzuri.

Dawa yake inajulikana na haihitaji mfadhili. Chuo kinaandika kanuni yake: usafiri wa mtumbwi, bodaboda na punda hulipwa kwa fomu yenye jina la mwendeshaji, namba yake ya simu, njia iliyopitwa na saini ya ofisa mtendaji wa kijiji, kwa kiwango kilichopangwa mapema kwa kila eneo. Kanuni hiyo inaambatanishwa kwenye mkataba kabla ya kusainiwa. Kwa kawaida wafadhili wakubwa hukubali kanuni za taasisi ikiwa zimeandikwa, zinafuatwa kwa miradi yote, na zilikuwapo kabla ya safari. Wanachokataa ni maelezo ya kubuniwa baada ya safari, na kwa hilo siwalaumu.

Kwa kuwa nimewasema wafadhili sana, niseme pia walipofanya vema. Sweden ilianza kushirikiana na Tanzania katika utafiti mwaka 1977, kwanza kupitia wakala wake wa SAREC ulioanzishwa 1975. Ushirikiano huo haukuishia kununua matokeo ya mradi: umesomesha walimu wetu shahada za uzamivu, umegusa maktaba, intaneti na hata mifumo ya kusimamia utafiti wenyewe. Anayelipa kujenga ofisi ya utafiti anafanya jambo lisilopigiwa picha, na matunda yake hukaa kuliko ya miradi kumi ya miaka mitatu. Wapo pia Waafrika waliolitazama tatizo la ukaguzi wa kurudiarudia. Chuo kimoja chenye wafadhili 20 hukaguliwa mara 20 kwa maswali yaleyale: nani anasaini hundi, nani anashika funguo za bohari. Akademia ya Sayansi ya Afrika ilisukuma kipatikane kiwango kimoja cha usimamizi wa fedha za ruzuku, na mwaka 2018 kikawa kiwango rasmi cha Afrika, ARS 1651, chenye madaraja manne kuanzia shaba hadi platinamu. Taasisi inakaguliwa mara moja, na cheti kinawajibu wote. Sharti ni wafadhili wakiamini, na hapo bado kuna safari.

Mtasema: basi tutafute fedha zetu. Naam. Marais wetu waliahidi zamani. Mpango wa Lagos wa 1980 ulitaja asilimia 1 ya pato la taifa kwa sayansi, na Khartoum mwaka 2006 Umoja wa Afrika ukarudia ileile. Sheria ya sayansi ya Kenya ya mwaka 2013 ilikwenda mbele ikaandika asilimia 2. Mahali ambapo neno limegeuka fedha ni Makerere: tangu mwaka wa fedha 2019/20 Serikali ya Uganda ilianza kukipa chuo hicho shilingi za Uganda bilioni 30 kwa mfuko wake wa utafiti na ubunifu, watafiti wakashindana kwa maandiko, na kazi zikatoka. Tanzania tuna mfuko wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE, chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, tangu 1995, mdogo kuliko kazi yake.

Ila fedha ya Serikali nayo ina ugonjwa wake. Bajeti ya nchi ni ya miezi 12. Fedha hupitishwa Juni, huanza kutoka miezi kadhaa baadaye, na isiyotumika hadi tarehe 30 Juni hugeuka kesi. Muhogo hukaa shambani miezi 9 hadi 18. Mtafiti wa muhogo anaambiwa apande, avune, apime na aandike ripoti kabla mmea haujakomaa. Matokeo yake mnayajua: Mei na Juni kila mradi unanunua kompyuta na kufanya warsha. Kwa kasoro hiyo mfuko wa utafiti unapaswa kuwa na kibali cha kisheria cha kuvuka mwaka, fedha ikabaki kwenye akaunti ya mradi hadi mradi uishe. Hilo ni jambo la Bunge, na ni dogo kuliko asilimia 1.

Narudi kwenye hesabu, kwa sababu ndipo kazi ya mwaka huu ilipo. Chuo kichague idara tatu zenye maabara na mbili zisizo nayo. Wahasibu, wahandisi wa majengo na watafiti wakae pamoja, wapime: eneo la sakafu, umeme, saa za maofisa, mikataba iliyosomwa, vikao vya maadili. Jibu la kwanza litakuwa na makosa. Nakisia halitakuwa chini ya asilimia 25, ambayo ndiyo Umoja wa Ulaya unawalipa wote wanaoingia kwenye programu yake ya Horizon, bila kuuliza hesabu. Kiwango kikishajulikana, kila andiko liandike gharama kamili hata kama mfadhili atalipa kidogo, na tofauti ionekane kwenye bajeti kwa jina lake: mchango wa chuo. Mfadhili anayesema mradi ni wake asilimia mia ataiona sahihi yetu chini ya sehemu yake.

Nimeulizwa mara nyingi, nanyi mtaniuliza sasa hivi: tukidai hivyo, mfadhili si atakwenda chuo cha jirani? Atakwenda, kama jirani hana hesabu. Kwa hiyo chuo kimoja hakiwezi kulifanya hili peke yake. Umoja wa vyuo vikuu vya utafiti vya Afrika, ARUA, uliozinduliwa Dakar mwaka 2015, una Dar es Salaam, Makerere, Nairobi na Rwanda ndani yake. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki liko Kampala na limeshazoea kulinganisha mitaala yetu. Vyuo hivyo vinne vikiwa na majedwali manne ya gharama, yaliyokokotolewa kwa njia moja, vinaweza kumwita mfadhili mmoja mkubwa, mmoja tu kwa kuanzia, na kumwambia kiwango cha chini ambacho hakuna kati yavyo kitakachosaini chini yake. Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai. Jedwali la chuo hiki linaweza kuwa mezani Machi, kama kazi ya kupima sakafu itaanza mwezi huu.